Kwaya za jeshi la Urusi katika muziki wa kupendwa: kutoka kanisa kuu la Moscow hadi jukwaa la roki Helsinki

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu.

Kila mara video ya askari wa Kirusi wakiimba wimbo wa disko inaposambaa mitandaoni, maoni huwa ni yale yale: watu hucheka, hushangaa, kisha huuliza wanaume wale wenye kofia za kijeshi na nishani kifuani wamefikaje huko. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona swali lenyewe limesimama kichwa chini miguu juu. Kwaya za kijeshi za Urusi hazikuvamia muziki wa kupendwa miaka ya 1990; zilikuwamo tangu zilipoundwa, na nyingi kati ya nyimbo ambazo leo tunaziita za kizalendo au za jadi zilikuwa, zilipotoka, vibao vya redio vya zama zake.

Tuanze na mtu mmoja, Alexander Alexandrov, aliyezaliwa mwaka 1883 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Ryazan. Kabla ya kuvaa sare alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba kwaya ya kanisa akiwa mtoto huko St. Petersburg, na baada ya mapinduzi alikuwa kiongozi wa mwisho wa kwaya ya Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow, huku akifundisha katika chuo cha muziki cha mji huo. Mwaka 1928 aliombwa kuunda kikundi cha nyimbo cha Jeshi Jekundu, na onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 12 Oktoba mwaka huo likiwa na watu 12 tu: waimbaji wanane, wachezaji wawili, mpiga kodiani mmoja na msomaji mmoja. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1931, serikali ile ile ililipua kanisa alilokuwa akiongoza kwaya. Kanisa likageuka kifusi, lakini namna ya kuimba iliyolelewa humo ilikwisha kuhamia jeshini pamoja na mwalimu wake.

Jambo hili ndilo wengi hulipita wanapotafuta siri ya ule mlio. Ibada ya Kiorthodoksi ya Kirusi haitumii ala yoyote, kwa hiyo sauti za watu ndizo hufanya kazi zote: besi za chini kabisa hushika nafasi ambayo kwingine ingeshikwa na kinanda, na tenori, yaani sauti za juu za kiume, hupanda bila msaada wa kitu. Alexandrov alichukua ujenzi huo, akauongezea ala za nyuzi za Kirusi ziitwazo balalaika na domra, kodiani na baadhi ya ala za kupuliza, kisha akaupa nyimbo za vijijini, nyimbo za askari na nyimbo mpya zilizotungwa na watunzi wa mjini. Mwaka 1937 kikundi kilikwenda kwenye maonyesho makubwa ya Paris na kurudi na tuzo ya juu, na kuanzia hapo wasikilizaji wa nje wakaanza kuifahamu sauti hiyo.

Sasa tazameni nyimbo zenyewe. «Katyusha», ambayo kila mtu huidhani ni wimbo wa vita, ilitungwa na Matvei Blanter kwa maneno ya Mikhail Isakovsky mwaka 1938, kabla vita havijafika Urusi, na ikaimbwa kwa mara ya kwanza na msichana aliyesimama mbele ya bendi ya jazi mjini Moscow. Ni wimbo wa mapenzi kuhusu binti anayemkumbuka mpenzi wake aliye mpakani. Umaarufu wake ndio uliowafanya askari waipe jina hilo mitambo yao ya kurusha roketi, kwa hiyo ni kibao kilichoipa silaha jina, wala silaha haikukipa kibao umaarufu. «Polyushko Pole» nayo ilitoka katika simfoni ya nne ya Lev Knipper ya mwaka 1934. «Kalinka», inayoimbwa harusini kana kwamba haina mwenyewe, iliandikwa na Ivan Larionov mjini Saratov mwaka 1860. Kwaya ya jeshi ilizichukua zote hizi na kuzifanya zisikike kama zimetoka ardhini.

Wimbo pekee ninaoweza kusema ulizaliwa vitani kabisa ni «Svyashchennaya Voyna», yaani Vita Vitakatifu. Maneno ya Vasily Lebedev-Kumach yalichapishwa magazetini tarehe 24 Juni 1941, siku mbili baada ya Ujerumani kushambulia. Alexandrov akayatungia muziki haraka, na tarehe 26 kikundi kikauimba katika stesheni ya Belorussky mbele ya askari waliokuwa wakipanda treni kwenda mstari wa mbele. Mwanamuziki atagundua kwamba, ingawa huitwa wimbo wa kuandamia, unakwenda kwa mapigo matatu matatu, jambo linaloupa uzito wa kuyumba ambao hauko katika gwaride la kawaida. Wakati wa vita kikundi kilitoa zaidi ya maonyesho 1,400, mengi yakiwa karibu sana na mapigano, na muziki wake mwingine ukawa wimbo wa taifa wa Umoja wa Kisovyeti kuanzia mwaka 1944. Mwaka 2000 Urusi iliurudisha muziki huo huo ukiwa na maneno mapya, kwa hiyo anayesikiliza wimbo wa taifa wa Urusi kabla ya mchezo wa mpira anamsikiliza yule kiongozi wa kwaya ya kanisa.

Alexandrov alifariki Berlin mwaka 1946 akiwa ziarani, na mwanawe Boris akashika uongozi hadi mwaka 1987. Agosti 1948 Boris alikirudisha kikundi Berlin, wakaimba nje, katika uwanja wa Gendarmenmarkt uliozungukwa na majengo yaliyobomolewa na mabomu, mbele ya Wajerumani waliokuwa wameshindwa vita miaka mitatu tu nyuma. Viktor Nikitin aliimba «Kalinka», na umati ukamtaka arudie, akarudia. Katika miongo iliyofuata walitokea waimbaji ambao majina yao yangestahili kujulikana kama ya nyota wowote wa pop: Evgeny Belyaev, mwimbaji wa tenori aliyeweza kuishika noti ya juu ya «Kalinka» mpaka msikilizaji akasahau kuvuta pumzi, na Leonid Kharitonov, mzaliwa wa mkoa wa Irkutsk, ambaye picha zake za mwaka 1965 akiimba wimbo wa wavuta mashua wa Volga zilikuja kutazamwa na mamilioni ya watu katika intaneti alipokuwa mzee. Alifariki mwaka 2017.

Wakati huo huo nyimbo za Kirusi zilikuwa zikizunguka Magharibi bila pasipoti. Kenny Ball na bendi yake ya jazi ya Uingereza walipiga wimbo wa Vasily Solovyov-Sedoi kuhusu jioni za viunga vya Moscow, nao ukafika nafasi ya pili kwao na Marekani mwaka 1961 na 1962. The Seekers kutoka Australia walichukua sauti ya wimbo wa Kirusi kuhusu mwasi Stenka Razin, wakapewa maneno mapya na Tom Springfield, na mwaka 1965 wakashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1968 Mary Hopkin akafanya vivyo hivyo kwa wimbo wa Boris Fomin, mtayarishaji akiwa Paul McCartney. Wanunuzi wengi wa santuri hizo hawakujua kwamba wanaimba Kirusi kwa maneno ya Kiingereza, katikati ya vita baridi.

Kwa hiyo jukwaa lilipofunguka, kila kitu kilikuwa tayari. Tarehe 21 Julai 1990 Roger Waters, aliyekuwa wa bendi ya Pink Floyd, alifanya onyesho lake kubwa Potsdamer Platz mjini Berlin, na miongoni mwa waliopanda jukwaani ilikuwamo bendi ya majeshi ya Kisovyeti yaliyokuwa bado kambini Ujerumani. Mwaka 1993 Jean-Jacques Goldman wa Ufaransa na wenzake wakaitumia kwaya katika wimbo uliobeba jina la albamu yao «Rouge». Na mwaka huo huo, tarehe 12 Juni, likatokea lile ambalo kwangu ndilo kilele cha habari yote.

Mahali ni uwanja wa Seneti, Helsinki. Waliokuwapo ni Leningrad Cowboys, bendi ya roki ya Kifini ya mizaha, wanaume wenye nywele zilizochongoka mbele kama pembe na viatu virefu vyenye ncha zinazolingana na nywele hizo, na nyuma yao Kikundi cha Alexandrov kizima, zaidi ya watu mia moja wakiwa na sare, kodiani na wachezaji. Watazamaji walikadiriwa kufika 70,000. Waliimba «Kalinka» na «Polyushko Pole», lakini pia «Delilah» na «Knockin' on Heaven's Door». Ikumbukwe kwamba Finland ilitawaliwa na Urusi hadi mwaka 1917, ikapigana nayo mara mbili kati ya 1939 na 1944, na katikati ya uwanja huo kuna sanamu ya mfalme wa Kirusi, Alexander wa Pili. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umevunjika miezi 18 tu nyuma. Mwongozaji filamu wa Kifini Aki Kaurismäki alilifanya onyesho hilo kuwa filamu, na mwaka uliofuata bendi na kwaya wakaimba «Sweet Home Alabama» kwenye tuzo za MTV huko New York.

Wanaolicheka onyesho lile wana haki ya kucheka, kwani lilikusudiwa kuchekesha. Hata hivyo, ukifumba macho usione nywele wala viatu, utasikia kwamba kwaya haifanyi mzaha hata kidogo. Wanaimba kiitikio cha roki kwa uzito ule ule wanaoutumia kwa wimbo wa vita, na hilo ndilo hufanya kiitikio kisimame. Bendi ndiyo inayotania. Kwaya iko kazini.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta uzi, shukrani kwa andiko zito. Nina jambo la kuhoji. Umeeleza muziki kana kwamba sare ni pambo tu, ilhali kwaya hizi ni vyombo vya dola. Hata kwetu tulikuwa na Polisi Jazz na Mwenge Jazz ya jeshi letu la Tanzania, JWTZ, lakini zile zilipiga dansi kama bendi nyingine yoyote, watu wakacheza, basi. Kwaya ya Warusi hupelekwa ng'ambo ili watu waione Urusi kwa jicho fulani. Je, unaweza kuutenganisha wimbo na aliyeutuma?

Mleta uzi

Mkuu, siwezi kuutenganisha, na sidhani kwamba wao wenyewe wamewahi kudai utengano huo. Tofauti uliyoitaja na bendi zetu ni ya kweli.

Mtazame mwimbaji Iosif Kobzon. Alizaliwa Donbas, mashariki ya Ukraina, mwaka 1937, akajifunza jukwaa akiwa askari katika kikundi cha nyimbo na ngoma cha wilaya ya kijeshi ya Transkaukazi, kisha akawa sauti rasmi ya nchi kwa zaidi ya miaka hamsini: aliwaimbia askari wa Kisovyeti huko Afghanistan mara nyingi, akawa mbunge, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukamwekea vikwazo kwa sababu ya msimamo wake kuhusu mashariki ya Ukraina. Mtu huyo huyo, Oktoba 2002, magaidi walipoteka ukumbi wa Dubrovka mjini Moscow, aliingia ndani bila silaha kuzungumza nao, kwa sababu alijua hata watekaji wamekua wakimsikia redioni, na akatoka na mama pamoja na watoto. Huko Urusi mwimbaji wa aina hii huhesabiwa kuwa kiungo cha dola, na hubeba heshima na lawama zake kwa pamoja.

Kisha kuna bendi ya Lyube, iliyoundwa mwaka 1989 na Igor Matvienko, ambayo si ya jeshi kabisa. Mwimbaji wake Nikolay Rastorguyev alisimama jukwaani na sare ya askari wa zamani, muziki ukiwa roki iliyochanganywa na kwaya na kodiani, na wimbo wao «Kombat» wa miaka ya 1990 ukaimbwa kambini kama wa jeshi lenyewe. Yaani jeshi lilipokuwa likiazima pop, pop nayo ilikuwa ikiazima jeshi. Rastorguyev pia aliingia bungeni. Tarehe 18 Machi 2022, majuma machache baada ya uvamizi wa Ukraina, yeye na waimbaji wenzake Oleg Gazmanov na Polina Gagarina walikuwa kwenye jukwaa la uwanja wa Luzhniki mjini Moscow katika mkutano ambao Rais Putin alihutubia. Tangu hapo milango ya kumbi za Ulaya Magharibi imefungwa kwa wasanii wa aina hiyo. Sioni cha kushangaza: aliyesafiri kwa tiketi ya dola hukwama dola inapogombana na wenyeji.

Ninachokataa ni kusema kwamba kwa hiyo muziki wenyewe hauna kitu. Wimbo wa «Zhuravli», kwa mfano, unatokana na shairi la Rasul Gamzatov wa Dagestan, kusini mwa Urusi, aliyeliandika kwa lugha yake ya Kiavar baada ya kuzuru Hiroshima, na unasema askari waliokufa hawakuzikwa bali waligeuka korongo weupe. Mwimbaji Mark Bernes aliurekodi mwaka 1969 akiwa mgonjwa sana, na alifariki majuma machache baadaye. Kwaya za jeshi huuimba kila mwaka, na hakuna amri ndani yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi naimba besi katika kwaya ya kanisa na ningependa kuelewa jambo la ufundi. Sisi tukijaribu kushuka kama wale, tunabaki na mkoromo. Wao hufanyaje? Na kwa nini sauti yao inakaa vizuri juu ya muziki wa kompyuta?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa besi, jibu la kwanza ni uchaguzi. Kuna watu waliozaliwa na sauti inayoshuka oktavu nzima chini ya besi ya kawaida, nao katika makanisa ya Kirusi wametafutwa na kutunzwa kwa karne kadhaa. Kwaya kubwa huhitaji wachache tu wa namna hiyo. Wengine huimba besi ya kawaida juu yao, na sikio hupokea zote kama sauti moja nene. Kwa hiyo msijilaumu.

Jibu la pili ni mpangilio. Kwa kuwa hakuna wanawake, tenori hugawanywa makundi na kupandishwa hadi pale ambapo alto, sauti ya chini ya wanawake, angesimama, na sauti zote hubanana katika eneo dogo, hivyo zikifunguka kwa pamoja huwa kama ukuta. Kisha kuna kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti. Katika «Polyushko Pole» wanaanza kwa kunong'ona, kana kwamba wapanda farasi wako mbali, wanakaribia hadi wanakufikia, halafu wanapotelea upande wa pili. Katika «Kalinka» kiongozi huimba ubeti taratibu peke yake na waitikiaji huanza kiitikio polepole, wakiongeza kasi mpaka ukumbi mzima unapiga makofi. Kiongozi na waitikiaji: mpango huo sisi hatuhitaji kufundishwa. Muziki wa pop wa sasa una ngoma, sauti nyembamba ya mwimbaji mmoja na kiitikio kinachotaka kuwa kikubwa kuliko ubeti, na wanaume mia moja wa Kirusi hukikuza kiitikio hicho bila kugusa chochote kingine.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, ile kwaya iliyoimba «Get Lucky» ndiyo hiyo hiyo ya Alexandrov? Na ile ya Pet Shop Boys katika «Go West»?

Mleta uzi

Hapana, zote mbili. Ya Pet Shop Boys, mwaka 1993, ni kwaya ya wanaume iliyopangwa kwa ajili ya rekodi ile. Video ndiyo iliyopigwa katika Uwanja Mwekundu, na picha zikawafanya watu wasikie jeshi ambalo halikuwapo. «Get Lucky» ya Daft Punk iliimbwa na kwaya ya Wizara ya Mambo ya Ndani, yaani polisi, kwenye tamasha la siku yao mwaka 2013, kisha tena kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya Sochi tarehe 7 Februari 2014. Kuna pia kwaya ya vikosi vya ndani iliyoongozwa na Viktor Eliseev, iliyozuru Ulaya kwa miaka mingi ikitangazwa kwa jina la Jeshi Jekundu, ingawa jeshi lenye jina hilo liliacha kuitwa hivyo mwaka 1946. Mawakala wa matamasha walijua ni jina lipi huuza tiketi.

Kikundi cha Alexandrov chenyewe ndicho kilichosimama na wasichana wawili wa pop wa Kirusi, t.A.T.u., kwenye nusu fainali ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision mjini Moscow, Mei 2009, na mwimbaji wa Kiitaliano Toto Cutugno kwenye tamasha la Sanremo, Italia, mwaka 2013 katika «L'Italiano».

Mchangiaji wa nne

Lakini si walikufa wote kwenye ndege?

Mleta uzi

Si wote, ingawa kwa upande wa kwaya ilikaribia kuwa hivyo. Tarehe 25 Desemba 2016 ndege ya Tu-154 ya Wizara ya Ulinzi iliondoka Sochi kuelekea kambi ya Khmeimim nchini Syria, walikotakiwa kuwaimbia askari kwa ajili ya Mwaka Mpya, na ikaanguka katika Bahari Nyeusi muda mfupi baada ya kuruka. Walikufa watu wote 92 waliokuwamo, 64 kati yao wakiwa wa kikundi, pamoja na mkuu wake Valery Khalilov. Vadim Ananyev, mwimbaji kiongozi wa «Kalinka» wa miaka ile, alinusurika kwa sababu alikuwa amebaki nyumbani kusaidia familia yake.

Usaili wa waimbaji wapya ulifanywa haraka, na mapema mwaka 2017 kikundi kilirudi jukwaani. Wapo waliosema haraka hiyo haikuwa na heshima. Mimi naona ilitokana na kikundi chenyewe kilivyo: ni kikosi, na pengo katika kikosi hujazwa. Ila sikio halidanganyiki. Ukilinganisha rekodi za kabla na za baada utasikia wingi umerudi, lakini ule mshikamano wa besi, ambao hujengwa kwa kuimba pamoja miaka mingi, ulichukua muda zaidi.

Mchangiaji wa pili

Nianze na rekodi zipi?

Mleta uzi

Anza na «Kalinka» ya Belyaev, kisha Kharitonov wa mwaka 1965. Baada ya hapo sikiliza «Polyushko Pole» ya kwaya, halafu toleo fupi la kinanda walilolipiga Jefferson Airplane wa Marekani katika albamu yao ya mwaka 1969. Helsinki iache iwe ya mwisho, na uitazame nzima, kwa sababu vipande vinavyosambazwa mitandaoni huchagua nywele na kuacha waimbaji.